Waingereza wa filamu za zamani na maneno yao ya kutia chumvi, nayatafsirije kwa sauti?

SautiYaKirumba ameuliza:

Wakuu habari za mchana. Mimi kazi yangu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu, hizi zinazowekwa kwenye flashi na kuonyeshwa mabandani hapa Mwanza. Za Kikorea, za Kihindi na za mapigano huko sina shida kabisa. Sasa kuna mteja wangu, mzee mstaafu, kaniletea tamthilia ya Kiingereza ya wale matajiri wa miaka ya 1920 na 1930, wenye majumba makubwa na watumishi kila kona, anataka nimtafsirie yote aangalie na mama nyumbani.

Kinachonikwamisha ni maneno yao ya kukoleza. Hawa watu hawawezi kusema chakula kizuri wakaishia hapo, lazima kiwe "frightfully" kizuri, siku iwe "ripping", gari liwe "bally" gari, alafu katikati wanapachika "I say!", "By Jove!", "Rather!", na dereva wao naye ana za kwake, "Blimey!" na "Not half!". Nikitia kwenye simu initafsirie inanipa "nzuri kwa kutisha" na "si nusu", nani atakaa aelewe hapo. Na kuweka "sana" kila mahali sitaki maana naona kabisa itaua filamu, watu wote wataongea kama wanasoma taarifa ya habari.

Naomba wanaoijua hii lugha ya kizamani wanisaidie. Nani alikuwa anasema nini, maana bosi na dereva hawatumii maneno yaleyale. "Bloody" ni tusi la kiwango gani, kumbukeni mteja ni mtu mzima na anaangalia na mkewe. Na kwa Kiswahili mtu aweke nini ladha isipotee. Nimeipenda hii kazi, nataka itoke vizuri.

mwl_wa_Korogwe:

Kaka umenifurahisha, mtu anayeingiza sauti akajali mpaka hapo ni wa kushikwa mkono.

Anza na "frightfully", "awfully" na "terribly" maana ndo utakutana nazo mara nyingi. Zote tatu mzizi wake ni hofu. "Awful" zamani ilikuwa kitu cha kukutetemesha, kama mtu aliyesimama mbele za Mungu, ila karne ya 19 ilipofika watu wa kitajiri walishaligeuza likawa "sana" tu, "awfully nice", "awfully sorry". Usihangaike kutafuta neno geni, sisi wenyewe tumepita njia hiyohiyo, si tunasema binti anaimba vibaya mno na hapo tunamsifia? Si tunasema jamaa anajua balaa, boli la hatari, pilau la kufa mtu? Unachukua neno la kuogopesha unalibebesha sifa. Kwahiyo "he's a frightfully good shot" mpe "huyu bwana analenga vibaya mno" basi, hata mtazamaji aliye jikoni ataelewa.

La pili ndo kubwa zaidi kwangu. Neno la kukuza ni kama kisu cha jikoni, kila likitumika linazidi kuwa butu, na likishakuwa butu vijana wanatafuta jingine. Ndo maana hawa Waingereza wana foleni ndefu namna hii. "Spiffing" ni la mwishoni mwa karne ya 19, "ripping", "topping" na "top-hole" ni za vijana wa mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka hiyo miaka ya 1920 unayoifanyia kazi, vita ya pili ya dunia ikaja marubani wa jeshi la anga wakawa wanasema "wizard", baadae "smashing" na "super", miaka ya 1960 "fab". Ukilisikia neno unaweza kumpa mhusika umri wake. Babu akisema "Capital!" hapo anaongea lugha ya ujana wake enzi za Malkia Victoria, mjukuu anasema "Topping!", usiwape neno moja wote wawili.

Kuhusu nani anasema nini, sikiliza shule walizosoma. "Frightfully", "ripping", "bally", "old chap", na ile "what!" ya kubandika mwisho wa sentensi, hao ni watoto wa shule za bweni za gharama, Eton na nyingine kama hizo, alafu Oxford au Cambridge. "Blimey", "Cor", "Strewth" na "not half" ni za watu wa kazi, hasa London upande wa mashariki. Kuna na kundi la tatu watu hulisahau, mtumishi mkuu wa ndani. Huyu haongei lugha ya mtaani hata kidogo, anaongea Kiingereza kilichopigwa pasi kuliko bosi wake. Mwandishi P. G. Wodehouse (1881–1975) alijenga jina lake juu ya jambo hilohilo, bwana mdogo Bertie Wooster anabwabwaja misimu tupu na mtumishi wake Jeeves anamjibu kwa sentensi kamili iliyonyooka. Kwahiyo ukimkuta mtumishi wa hivyo kwenye tamthilia yako mpe Kiswahili sanifu kabisa, tena kile cha hotuba, hapo utaona filamu inaamka yenyewe.

PwaniYetu:

Salaam wote. Nakubaliana na mwalimu kwa mengi ila pale pa "kufa mtu" na "balaa" mimi nasimama kidogo. Tamthilia ni ya 1930, bwana mwenye jumba la vyumba thalathini akifungua kinywa akasema "kinoma" au huku kwetu Kenya "ile mbaya", mtazamaji anatolewa pale Uingereza anarudishwa stendi ya matatu. Neno la mtaa lina tarehe yake, kama vile "ripping" lilivyo na yake, na sisi tukilitupa tu popote tunavunja kitu kilekile mwalimu alichotuambia tukichunge.

Wazee wa Kiswahili walikuwa na njia zao za kukoleza na bado zi hai. Kuna "mno", "ajabu", "kupita kiasi", "kwelikweli", "hasa". Na kuna hivi viigizi ambavyo kila nikivisikia nafurahi, nguo nyeupe pe, giza totoro, ukumbi umejaa pomoni, mtu kalala fofofo, nyumba imenyamaza jii. Kiigizi kimoja kinafanya kazi ya "sana" tatu na hakichakai, bibi yangu alikitumia na watoto wangu wanakitumia. Wape hivyo watu wazima wa ile nyumba. Vijana wa karamuni waachie "vibaya mno" sawa, hiyo haina shida, ila "kinoma" naomba usitie.

Na "not half" tunayo tayari, sijui kwa nini watu wanahangaika nayo. Mwingereza anasema si nusu akimaanisha ni zaidi ya kamili, nasi twasema "si kidogo". Amefurahi si kidogo. "Not half bad" nayo ni "si haba" moja kwa moja.

Mkaazi_wa_Reading:

Niko huku Uingereza miaka mingi, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na wengine wamezaliwa miaka hiyohiyo ya 1930, kwahiyo haya maneno nayasikia yakiwa hai kutoka kwa wenyewe. Nikujibu la "bloody" na viapo.

Viapo kwanza maana ndo asili. Zamani Mwingereza akitaka kukazia neno alikuwa anaapa kwa Mungu, kwa damu yake, kwa majeraha yake msalabani. Kanisa na serikali hawakupenda, na mwaka 1606 ikatungwa sheria kuwa mwigizaji akitaja jina la Mungu ovyo jukwaani anapigwa faini ya pauni 10, na hiyo enzi zile ilikuwa pesa ya kumtoa mtu jasho. Ukitaka kuona sheria ilivyouma chukua Othello, mchezo wa Shakespeare, chapa ya 1622 mhusika Iago anafungua kinywa na "'Sblood", yaani damu ya Mungu, ukifungua chapa ya 1623 kiapo hakipo. Sasa watu hawakuacha kuapa, walichofanya ni kukikata kile kiapo, wakakipindapinda mpaka kisitambulike. "Zounds" ni majeraha ya Mungu. "Strewth" ni ukweli wa Mungu. "Blimey" ni Mungu anipofue. "Crikey" ni jina la Kristo limefichwa. "Gosh" na "golly" ni Mungu amebadilishwa mkia. "By Jove" yeye kaamua kuapa kwa mungu wa Warumi kabisa, Jupita, ili wa kwake asikasirike.

Na hii tunayo! Mtoto wa Kitanzania akiogopa kusema "haki ya Mungu" mbele ya mama yake anasema "haki ya nani", na akiandika kwenye simu anaandika hakyanani. Ni kazi ileile ya "gosh" na "blimey", jina limetolewa na nguvu imebaki. Kaka Sauti hiyo mpe dereva, itamkaa vizuri kabisa.

Sasa "bloody". Watu watakuambia inatokana na kuapa kwa Bikira Maria, hiyo hadithi imezagaa sana ila wanaochunguza asili za maneno hawaikubali, uwezekano mkubwa ni damu tu ya kawaida. Jambo la kujua ni kuwa karne ya 19 na mwanzo wa 20 ilikuwa haitamkwi mbele ya wanawake wenye heshima. Mwaka 1887 Gilbert na Sullivan walileta onyesho la kuimba wakaliita "Ruddygore", na watu wakalalamikia herufi tu, maana "ruddy" ni nguo ya kujifichia ya "bloody", ikabidi waandike "Ruddigore". Aprili 1914 mchezo wa Shaw uitwao Pygmalion ukaonyeshwa London, mwigizaji Mrs Patrick Campbell akiwa Eliza, muuza maua aliyefundishwa kuongea kibibi, akasema "Not bloody likely!" na ukumbi ukalipuka kwa kicheko, magazeti yakawa na kazi, na baadae watu wakawa wanasema "not Pygmalion likely" badala ya kulitamka lenyewe. Hata BBC mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa na mwongozo wa vichekesho vya redioni uliokataza "bloody", "ruddy" na "gorblimey" zote pamoja.

Kwahiyo kwenye tamthilia yako "bally", "ruddy", "blooming" na "blinking" zote ni watu wanakwepa "bloody". Ukitafsiri weka neno jepesi la hasira, "hili ligari", "hili limvua", tena hapo Kiswahili kinakusaidia maana ukilibadilisha nomino likawa dude kubwa umeshatukana bila tusi. Ikitokea "bloody" yenyewe inatoka kinywani mwa bwana mkubwa mbele ya wanawake, hapo fanya watazamaji washtuke kidogo, lakini sio tusi la nguoni, usipeleke huko. Leo hii bibi wa miaka tisini hapa kazini anasema "bloody cold" huku anakunywa chai na hakuna anayegeuka.

Na "I say" usihangaike nayo hata dakika moja. Ni AISEE. Ile ile. Mwingereza alikuja nayo, akaiacha kwetu, alafu kwake ikafa, hapa ukiisikia ni kwenye filamu kama hiyo yako au mtu anaigiza matajiri. Sisi tunaitumia kutoka Bukoba mpaka Mtwara kila siku ya Mungu, kwa mshangao, kwa kumwita mtu, kwa kukazia, na hizo ndo kazi alizokuwa anaifanyia yeye. Huna cha kutafsiri hapo, iache itoke.

SautiYaKirumba:

Dada wa Reading na wengine wote Mungu awabariki, hiyo ya aisee imenifanya nisimamishe filamu nikacheke peke yangu kwa furaha. PwaniYetu nimekusikia, "kinoma" naitoa.

Naomba niongeze machache. Bladifuli tunayoijua sisi ndo hiyohiyo "bloody"? Maana babu akikuita bladifuli huwezi kusema ni neno jepesi. Pia kuna askari kwenye sehemu ya pili anarudi vitani anasema "good old Blighty" huku analengwalengwa na machozi, hiyo Blighty ni mtu au nini? Na "donkey's years", na "Bob's your uncle", huyu Bob sijamuona popote.

Mswahili_Maskati:

Assalam aleikum. La askari nalijibu mimi maana linatuhusu. Blighty ni Uingereza yenyewe, nyumbani. Wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa India walilichukua kwa Wahindi waliokuwa wakisema "bilayati", kitu au mtu wa kutoka ng'ambo, na hilo Wahindi walilipata kupitia Kiajemi kwa asili ya Kiarabu, wilaya. Huku Oman mpaka leo mikoa inagawanywa kwa wilaya na Tanzania hali kadhalika. Na neno letu Ulaya limetoka humohumo. Kwa hiyo askari wa Kiingereza kwenye mahandaki ya 1914 hadi 1918 akililia Blighty alikuwa anasema Ulaya kwa ulimi wake. Walikuwa hata na "a Blighty one", jeraha ambalo halikuui ila linakutosha kurudishwa kwenu, na wapo waliolitamani. Mwandikie tu "Ulaya yetu ya nyumbani", akiitamka kwa uchungu itafika.

mwl_wa_Korogwe:

Ahsante sana mzee wa Maskati, shikamoo.

Bladifuli ndiyo, ni "bloody fool" iliyoingia kwetu enzi za ukoloni, lakini angalia uzito umekaa wapi. "Bloody" peke yake kazi yake ni kukazia, tusi ni lile "fool". Sisi tulilipokea likiwa limefungwa pamoja, tena likitoka kwa bosi mwenye hasira, ndo maana kwetu linauma lote. Usilitumie kutafsiri "bloody cold", mzee wako atashangaa baridi imekosa nini.

"Donkey's years" ni miaka mingi mno, inaaminika ilianza kama mchezo wa masikio, punda ana masikio marefu na "ears" na "years" zinasikika karibu sawa. Weka "tangu enzi na enzi" au "miaka nenda miaka rudi". "Bob's your uncle" ni "basi, imeisha hiyo", inakuja baada ya kueleza kitu rahisi. Kuna simulizi maarufu kuwa Bob ni Lord Salisbury, jina lake Robert, waziri mkuu aliyempa mpwa wake Arthur Balfour uwaziri wa mambo ya Ireland mwaka 1887, kwahiyo ukiwa na mjomba kama huyo mambo yanajipa. Tamu kweli, ila msemo wenyewe unaanza kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1920, zaidi ya miaka thelathini baadae, kwahiyo mimi siibebi.

Alafu kuna jambo sijaona mtu amelisema na litakukuta. Hawa watu kama wanavyokuza ndivyo wanavyopunguza, na mara nyingi kupunguza kwao ndo kukuza kwenyewe. Chakula kikiwa "frightfully good" huenda ni cha kawaida, ila nyumba ikiungua bwana atasema "bit of a nuisance". Imewahi kugharimu watu. Aprili 1951 kwenye vita ya Korea, mto Imjin, kikosi cha Gloucestershire kimezingirwa na Wachina wengi kupita hesabu, inasimuliwa kuwa Brigedia Tom Brodie alimwambia jenerali wa Kimarekani hali ni "a bit sticky". Mwingereza angesikia hapo tunakwisha. Mmarekani akasikia pagumu kidogo lakini wanaweza. Wengi wa kikosi kile waliuawa au wakatekwa. Kwahiyo kaka, ukikuta "a bit", "rather", "not too bad" usitafsiri neno, angalia sura ya mtu na kilichotokea ndo uamue. Mtazamaji wetu akisikia "shida kidogo" na nyumba inawaka atadhani umekosea, mpe "mambo si mambo", imepoa na inabeba uzito.

SautiYaKirumba:

Mwalimu hiyo ya kupunguza imenifungua macho, kuna eneo zima la mazishi nilikuwa silielewi kumbe ndo hilo. Nimejaribu mistari ya sehemu ya kwanza, nisahihisheni kabla sijaingia kurekodi usiku.

Bwana mkubwa, "I say, that's a frightfully decent horse!" Nimeweka "Aisee, farasi huyu mzuri ajabu!"

Kijana wa karamuni, "By Jove, what a ripping party!" Nimeweka "Salaale, hii karamu ni moto wa kuotea mbali!"

Dereva, "Blimey, he ain't half drunk!" Nimeweka "Hakyanani, huyu kalewa si kidogo!"

Bibi mwenye nyumba anaulizwa kama ataongeza mvinyo, anajibu "Rather!" Nimeweka "Naam."

PwaniYetu:

Tatu za mwanzo hongera, ya dereva usiiguse tena. Kwa bibi ile "Naam" imekuwa kavu, yasikika kama anaitikia mwito shuleni. Mpe "Haswaa!" na uivute mwishoni, maana hiyo "Rather" ya mabibi wa zamani nayo hukazwa silabi ya mwisho, sikiliza tena utaona midomo yake yafunguka pale. Ukimaliza sehemu ya kwanza tuwekee kipande hapa.